Katuni ya Mtandaoni Isiyofia Njiani: Mwongozo Kamili wa Kuianzisha na Kuidumisha

Sehemu ya kwanza inapostiwa kwa mbwembwe, marafiki wanashea, mtu anaandika "moto sana kaka". Ya pili inatoka wiki inayofuata. Ya tatu inachelewa mwezi mzima, na ikija inatanguliwa na samahani ndefu kuliko hadithi yenyewe. Baada ya hapo wasomaji wanabaki kuuliza "mwendelezo?" chini ya posti iliyokwisha kupoa.

Wanaoniuliza kuhusu jambo hili karibu wote huanzia kwenye programu na tableti ya kununua. Sijaona katuni iliyokufa kwa kukosa tableti. Huwa mchoraji ameahidi kazi ya saa kumi kwa wiki, na wiki yake ina nafasi ya saa tano. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuzuia hilo, kwa hiyo usiruke ya 2 na ya 6 hata zikikuchosha.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kifaa cha kuchorea. Simu ya Android yenye RAM ya 4GB inatosha kwa katuni ya fremu nne, yaani visanduku vinne vya picha. Kama unapenda karatasi, tafuta A4 nyeupe, penseli, na kalamu ya wino mweusi usioyeyuka kwa maji. Picha utaipiga kwa simu mchana, karibu na dirisha, bila fleshi.
- Kalamu ya skrini. Chagua yenye kisahani cha plastiki kwenye ncha. Zile za mpira mnene zinaficha mahali unapochora.
- Programu. ibisPaint X au MediBang Paint kwa simu, Krita kwa kompyuta. Unaweza kuanza na yoyote bila kulipa kitu.
- Fonti yenye leseni huria. Comic Neue ni mfano mzuri: inasomeka, na unaruhusiwa kuitumia hata kwenye kazi ya kuuza.
- Daftari la kawaida la kuandikia visa.
- Sehemu mbili za kuhifadhi kazi, moja ikiwa nje ya simu yako: fleshi ya USB, kompyuta ya ndugu, au hifadhi ya mtandaoni. Simu huibiwa.

Tovuti yako mwenyewe, nembo na fulana zenye sura ya mhusika hazimo kwenye orodha hii. Zikija, zije baadaye.

## Hatua ya 1: Chagua hadithi unayoweza kuichora mara hamsini

Wengi huanza na vita vya falme tano, majoka na jeshi la watu elfu mbili. Kwenye daftari inapendeza. Kwenye skrini, kila fremu inadai mandhari mpya, nguo mpya na umati mpya.

Tafuta hali inayojirudia: mahali pamoja, watu wawili au watatu wa kudumu, na mlango ambao wageni huingilia. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: duka la Mangi la mtaani. Kuna kaunta, nondo za dirishani, mizani, daftari la madeni na Mangi mwenyewe. Mandhari unaichora mara moja. Kinachobadilika ni mteja na kisingizio chake, na visingizio vya wakopaji havijawahi kuisha mtaa wowote.

Hali ya namna hiyo haikuzuii kusimulia kisa kirefu. Mangi anaweza kupata mshindani ng'ambo ya barabara, binti yake anaweza kurudi kutoka chuo, daftari linaweza kuibiwa. Hadithi inakua, gharama ya kuichora inabaki ileile.

Kipimo: kaa na daftari jioni moja uandike visa ishirini, kila kimoja kwa mstari mmoja. Ukikwama kwenye cha saba, wazo ni jembamba, tafuta jingine. Ukifika ishirini na bado mkono unataka kuandika, songa mbele.

## Hatua ya 2: Pima muda wako kwa saa, usikisie

Chora sehemu moja nzima, kuanzia skripti hadi picha iliyo tayari kupostiwa, huku saa ya simu ikihesabu. Hii usiiposti, ni ya kupima tu.

Tuseme imekuchukua saa tisa, nawe ukitoka kazini, ukala na ukawasaidia watoto homuweki, unabakiwa na saa sita kwa wiki. Hapo una njia tatu: kutoa sehemu kila wiki mbili, kupunguza fremu kutoka sita hadi nne, au kuacha rangi. Njia ya nne, ya kulala saa mbili pungufu, ndiyo wengi wanayoichagua. Inadumu mwezi mmoja.

Mimi ningeacha rangi kwanza. Nyeusi, nyeupe na kijivu kimoja zinabeba vichekesho vizuri sana, na faili linakuwa jepesi kwa msomaji wa bando la siku. Ukitaka utambulisho, ongeza rangi moja tu, kwa mfano nyekundu ya daftari la Mangi, na uitumie hapohapo kila mara.

Acha nafasi pia ya umeme kukatika, mitihani, misiba na sikukuu. Muda wa kuchora sehemu moja usizidi robo tatu ya muda wote ulio nao.

## Hatua ya 3: Karatasi ya wahusika

Kabla ya sehemu ya 1, mchore kila mhusika wa kudumu kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma, kisha nyuso nne: furaha, hasira, mshangao, na ile ya kujifanya hajasikia. Andika pembeni urefu wake ukilinganisha na kaunta. Bila karatasi hii Mangi wa sehemu ya 10 atakuwa mrefu na mwembamba kuliko wa sehemu ya 2, na wasomaji hawakosi kuona.

Mtofautishe kila mmoja kwa umbo la nje kabla ya sura. Wajaze wino mweusi mwili mzima wabaki vivuli. Bado unawatambua? Mangi na kofia yake ya pama, mama mwenye ndoo kichwani, kijana wa bodaboda na helmeti mkononi: hao hawachanganyiki hata wakiwa wadogo kama kucha.

Chora na duka tupu, bila watu, ulihifadhi kama faili la peke yake. Litakuokolea saa nyingi kuliko programu yoyote ya kununua.

## Hatua ya 4: Andika, kisha weka maneno kabla ya kuchora

Hapa ndipo katuni nyingi za Kiswahili zinapoharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Anza na skripti ya maneno matupu. Mfano:

*Fremu 1.* Mteja kaegemea kaunta. MTEJA: "Mangi, sukari robo."

*Fremu 2.* Mangi anapima. MTEJA: "Na mchele kilo. Na mafuta ya kupima."

*Fremu 3.* Mangi anasukuma mfuko, kidole kwenye kikokotoo. MANGI: "Elfu tano na mia tatu."

*Fremu 4.* Kaunta tupu, mfuko haupo, mkono wa Mangi uko wazi hewani. Sauti kutoka nje ya fremu: "Niandikie, Mangi!"

Rasimu ya kwanza ya fremu ya 4 kwa kawaida huja hivi: "Mangi, naomba uniandikie kwenye daftari kwa sababu mshahara wa mwezi huu bado haujatoka, mwisho wa mwezi nitakulipa pesa yako yote." Kichekesho kimekufa hapo. Mkono ulio wazi na kaunta tupu vimeshasema yote, maneno yanabaki na kazi ya kumalizia. Kila ukiandika puto, yaani kile kiduara cha maneno ya mhusika, jiulize picha inasema nini tayari, halafu ukifute hicho kwenye maneno.

Skripti ikishatulia, gawa ukurasa kwa fremu, andika maneno mahali pake kwa fonti yako, ndipo uchore watu katika nafasi iliyobaki. Anayechora kwanza huishia kubana herufi pembeni au kumfunika mhusika uso.

Kuna sababu ya pili: maneno yetu ni marefu. "Nisingemkopesha" ni neno moja lenye sentensi nzima ndani yake, na halipunguki kwa kuombwa. Puto jembamba litalikata vibaya. Likilazimika kukatwa, kata kwenye mpaka wa silabi, na ikiwezekana mahali viambishi vinapoishia: *nisinge-mkopesha*, kamwe isiwe *nisingemk-opesha*. Na *ng'* usiitenganishe mistari miwili. Hakikisha pia fonti yako inaonyesha ile alama ya juu vizuri, kwa sababu baadhi zinaiachia pengo kubwa hadi "ng'ombe" inasomeka kama maneno mawili.

Mengine ya kuzingatia:

Mpangilio wa maputo. Anayesema kwanza awekwe juu na kushoto. Ukimchora anayejibu kushoto, jibu litasomwa kabla ya swali. Mahali pa wahusika huamuliwa na mazungumzo.

Wingi wa maneno. Puto likizidi maneno kumi na tano, livunje mara mbili au upunguze.

Ukubwa wa herufi. Kwenye picha yenye upana wa pikseli 1080, usishuke chini ya pikseli 36. Jaribu hivi: toka nje saa saba mchana, punguza mwanga wa skrini hadi nusu, nyoosha mkono. Usiposoma wewe uliyeandika, abiria aliyesimama kwenye daladala hatasoma.

Sauti. Usikope milio ya katuni za kigeni. Kiswahili kimejaa milio yake: mfuko wa unga unaanguka TIFU, jiwe linatumbukia CHUBWI, tawi linavunjika KACHA, mlinzi amelala FOFOFO. Msomaji anaisikia papo hapo bila kufikiri.

Lugha ya mhusika. Bibi wa Tanga, kijana wa Manzese na mwanafunzi wa Nairobi hawazungumzi namna moja, na usiwalazimishe. Msomaji wa Mombasa au Bukavu asiyejua neno la mtaani la Dar atalipata kwenye picha, mradi kisa kizima kisiegemee neno hilo peke yake.

Hatua hii imekwisha pale mtu mwingine anapoisoma rasimu yenye vijiti badala ya watu, akacheka au akauliza "ikawaje?" bila wewe kumweleza kitu.

## Hatua ya 5: Chora kwa leya, kwa ukubwa wa kutosha

Fungua turubai ya pikseli 2160 kwa 2700 ingawa utaposti nusu yake. Sababu ni ya baadaye: uchapishaji mzuri unahitaji pikseli 300 kwa inchi. Picha yenye upana wa 1080 itatoka safi kwa sentimita 9 tu, na ukurasa wa A5 una upana wa sentimita 14.8. Aliyechora mwaka mzima kwa 1080 hawezi kutoa kijitabu bila picha kuota ukungu.

Panga leya, yaani tabaka za mchoro zinazolaliana, hivi kutoka chini: mandhari, penseli, wino, kijivu, maputo, maneno. Maneno yabaki peke yake daima. Siku ukigundua kosa la herufi, au ukitaka kutoa toleo la lugha nyingine, unagusa leya moja.

Fanya kazi kwa mafungu. Chora penseli ya sehemu tatu kwa mkao mmoja, wino kwa mkao mwingine, maneno kwa mwingine. Mkono ukishazoea kazi moja unakwenda kasi. Mkono huohuo ukiuma, simama. Maumivu ya kifundo hayapoi kwa kuyapuuza, na katuni haina mkono wa akiba.

Hifadhi faili lenye leya pamoja na picha ya kuposti, kwa majina yanayopangika: *mangi_001*, *mangi_002*. "Final", "final mpya" na "final kabisa" zitakutesa ukifika ya thelathini.

## Hatua ya 6: Jaza akiba kabla ya kuposti chochote

Usiposti sehemu ya 1 mpaka ya 8 iwe imekamilika.

Najua hamu inavyowasha. Lakini anayeposti anachokimaliza usiku huohuo anadaiwa kila wiki, na homa moja ya malaria inatosha kumtoa barabarani. Mwenye sehemu nane ndani, anayetoa moja kwa wiki, anaweza kuugua wiki mbili na msomaji asijue.

Akiba ina faida nyingine ambayo haionekani mapema. Ukifika sehemu ya 8 utaona kwamba ya 1 inaanza polepole, au kwamba yule mteja wa sehemu ya 5 anachekesha kuliko Mangi mwenyewe. Kwa kuwa hujaposti, unaweza kurekebisha.

Weka mstari mwekundu: akiba ikishuka hadi tatu, tangaza mapumziko. Usisubiri ifike sifuri.

## Hatua ya 7: Andaa picha kwa kila mahali

Mahitaji hayafanani, na picha moja kwa kila mahali hukatwa vichwa.

- Instagram na Facebook: pikseli 1080 kwa 1350. Kwenye Instagram posti moja inabeba hadi picha 20, kwa hiyo fremu moja kwa kila picha inawezekana, na msomaji anatelezesha kidole hadi kwenye kichekesho.
- WEBTOON, jukwaa la katuni za mtandaoni, upande wa CANVAS ulio wazi kwa mchoraji yeyote: hadithi inashuka wima, upana ni pikseli 800, na ukanda mrefu unakatwa vipande visivyozidi urefu wa 1280. Kata kwenye nafasi nyeupe kati ya fremu, usikate katikati ya uso.
- WhatsApp: stetasi hupotea baada ya saa 24, kwa hiyo itumie kuita watu tu. Kazi yenyewe iweke kwenye chaneli. Ukituma kawaida picha inabanwa na herufi ndogo zinafifia. Chagua HD au itume kama faili.

Mistari ya nyeusi na nyeupe ihifadhi kwa PNG, yenye rangi nyingi kwa JPG ya ubora wa asilimia 80 hivi. Picha moja ikizidi KB 500, ipunguze. Msomaji wako analipia kila megabaiti.

Andika jina la katuni na namba ya sehemu ndani ya fremu, kwa mfano kwenye kibao cha duka au kwenye gunia. Jina lililowekwa pembeni hukatwa, na kesho katuni yako inazunguka kwenye magrupu bila mwenyewe.

Chagua pia mahali pamoja pa kuwa ghala, ambapo sehemu zote zipo kwa mpangilio kuanzia ya 1. Linki ya "Anzia hapa" iwe kwenye wasifu wako kila mahali. Anayekutana na sehemu ya 14 akaipenda hatachimba posti za miezi mitatu kuitafuta ya kwanza.

## Hatua ya 8: Ratiba, wasomaji na mapumziko

Siku moja, saa moja, wiki zote. Jumanne saa mbili usiku ikishatajwa, ni Jumanne saa mbili usiku. Programu nyingi zinakuruhusu kupanga posti itoke yenyewe. Tumia, usiamini kumbukumbu.

Usihesabu laiki. Angalia waliofungua sehemu ya 1 ni wangapi, na ya 5 wangapi. Wakiwa robo, kuna mahali hadithi inawachosha, huenda kwenye ya 2 au ya 3. Wakiwa nusu, una kitu mkononi hata kama jumla yao ni watu sitini.

Jibu maoni siku ya kwanza, kisha achana nayo. Wanaodai mwendelezo kwa ukali ni wapenzi wako. Wanaotaka Mangi aoe yule mwalimu wa sehemu ya 9 pia ni wapenzi wako, lakini usiwape kalamu.

Gawa hadithi kwa misimu ya sehemu kumi au kumi na mbili. Msimu una mwisho, na mwisho unakupa ruhusa ya kupumzika bila kuomba radhi. Tangaza sehemu mbili kabla, taja tarehe ya kurudi, na urudi ukiwa na akiba ya nane tena.

## Hatua ya 9: Haki na pesa

Hakimiliki ya kazi yako inaanza pale unapoichora, huhitaji cheti ili iwe yako. Usajili unasaidia kuthibitisha ukigombana na mtu: nenda ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya. Hifadhi pia mafaili yenye leya na rasimu za penseli. Aliyeiba picha hana hizo.

Ukichora siasa na habari za siku ukiwa Tanzania, soma Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zinazosimamiwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu 2018, kwa hiyo soma toleo la sasa, usitegemee alichosikia rafiki yako.

Pesa ya kwanza mara nyingi haitoki kwa wasomaji. Inatoka kwa mtu aliyeiona katuni akataka umchoree tangazo, bango la kliniki au kadi ya harusi. Kabla ya kushika kalamu, kubalianeni kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa WhatsApp: picha itatumika wapi, kwa muda gani, marekebisho ni mangapi, na nusu ya malipo inatangulia. Mteja akitaka Mangi atangaze sabuni yake, mkodishie Mangi kwa tangazo hilo na kwa kipindi hicho. Karatasi yenye maneno "haki zote" usiisaini kwa bei ya bango moja, maana ukishasaini utahitaji ruhusa ya muuza sabuni ili uchore msimu wa pili.

Kwa wasomaji, Lipa Namba au Till (namba ya kupokea malipo kwa simu) chini ya sehemu ya mwisho ya msimu inatosha, na mstari mmoja wa kuomba. Usiombe kila wiki.

Kijitabu kije baada ya misimu miwili. Kurasa za kijitabu kilichobanwa kwa pini katikati lazima zigawanyike kwa nne, jalada likihesabiwa, kwa hiyo panga 24 au 28, usipeleke 26. Mwombe mchapaji nakala moja ya majaribio kabla ya kulipia mia, uikague kijivu: kwenye karatasi hutoka kizito kuliko kwenye skrini, na nondo za dirisha la Mangi zinaweza kugeuka ukuta mweusi.